Nusu ya Radhi: Safari Yangu ya Mchafukoge kwa Mwalimu Hansa

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi na kalamu, na akamjaalia mtoto asiyejua kitu mtu wa kumshika mkono. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba wake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Baada ya shukrani, napenda kuwasimulia ndugu zangu wa Kondoa safari niliyoifanya kwenda Dar es Salaam, kwa sababu wengi mmeniuliza na kila mmoja nimemjibu kipande. Wengine mmesikia habari za jogoo tu, mkacheka, mkaondoka. Leo nawapa yote.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mwaka huu nimejaliwa nafasi ya kwenda Hijja. Mnaijua desturi yetu: anayekwenda Makka hufunga mzigo wake kwa kuomba radhi. Huwaendea wazazi, walimu, majirani na kila mwenye haki juu yake, akawaambia kwamba anaondoka na huenda asirudi, basi wamsamehe na wamridhie. Wazazi wangu wametangulia mbele ya haki, nikawazuru makaburini na kuwaombea dua. Masheikh walionisomesha Kurani nao wamelala, nikafanya vivyo hivyo. Majirani nimewapitia mlango kwa mlango. Akabaki mtu mmoja, na huyo alikuwa hai: Mwalimu Hansa, mwanamke wa Kihindu, aliyenifundisha kusoma na kuandika darasa la kwanza na la pili.

Vijana hamkumjua. Baba yake alikuwa na duka la nafaka karibu na soko letu la zamani. Yeye alikuwa binti mbichi, amevaa sari, nywele zake msuko mmoja mrefu mgongoni. Hesabu alitufundisha kwa dengu. Kila mtoto alipewa konzi moja kutoka dukani kwa baba yake. Tulijumlisha dengu, tukatoa dengu, tukagawanya dengu, na Alhamisi dengu zote zilirudi chunguni, zikapikwa, tukala darasa zima. Mimi zangu nilikuwa nazitafuna mbichi, kwa hiyo hesabu za kutoa nilizijua mapema kuliko za kujumlisha.

Lakini si dengu zilizonifanya nimkumbuke hadi uzeeni. Kila Jumatatu, kabla hatujakaa vizuri, alimnyooshea kidole mtoto mmoja wa Kiislamu na kumwuliza, "Khatibu alisema nini Ijumaa?" Aliyelala msikitini hakuwa na pa kujificha, kwa sababu khatibu mwenyewe alinunua sukari kwenye duka lile, na Mwalimu alikuwa amekwisha kumwuliza. Hakumpiga mtu. Alimwangalia tu kwa huzuni, kama mtu aliyepoteza ufunguo, akapita kwa mwingine. Mimi niliuogopa ule mwangalio kuliko fimbo, nikaanza kusikiliza hotuba tangu neno la kwanza. Kwa kusikiliza nikapenda. Kwa kupenda nikasoma, na leo ndimi ninayepanda mimbari ile ile. Mkono wa Mhindu ndio ulionisogeza karibu na mimbari, na Mungu hufanya atakalo kwa mkono autakao.

Mzee mmoja wa msikitini aliniambia kwamba radhi ya asiye Mwislamu si lazima, nisijichoshe. Nilimjibu kwamba aliyekufundisha herufi moja ana haki juu yako, na haki hulipwa kwa mwenyewe. Bahati njema, mfanyabiashara wetu mmoja anayechukua bidhaa Kariakoo alikuwa amekutana naye. Alipomtajia Kondoa, bibi yule alimshika mkono asimwachie. Basi nikapata mtaa na jengo.

Kondoa, Jumapili alfajiri. Niliondoka baada ya swala, nimevaa kanzu ya Ijumaa, mkononi begi dogo, kwapani kapu lenye jogoo mwekundu. Kwetu mwalimu hapelekewi sukari kama mgonjwa. Mwalimu hupelekewa jogoo, tena mwenye kilemba kilichosimama na sauti ya kusikika, ili kila mpita njia ajue kwamba mtu huyu anakwenda kutoa heshima. Nilimchagua mwenyewe bandani. Mwanangu alitaka nikifika Dodoma nipande treni ya umeme. Nikamwuliza jogoo atakaa behewa gani. Tukakata tiketi ya basi.

Dodoma, asubuhi. Tulibadili basi. Kondakta wa basi la pili alikuwa kijana mpole, lakini kuhusu kuku hakuwa na upole. Alisema abiria wenye manyoya hukaa chini kwenye buti. Nikamwomba ampe nafasi yenye hewa, akamweka kati ya gunia la alizeti na godoro la mtu, akaniambia kwamba huyo sasa yuko daraja la kwanza kuliko mimi.

Morogoro, mchana. Tuliposhuka kula na kuswali, niliunganisha adhuhuri na alasiri kama msafiri. Nikiwa bado nimekaa navuta tasbihi, jogoo aliwika ndani ya buti kwa nguvu zake zote. Mama mmoja aliyekuwa ameketi kiti cha nyuma yangu alisema kwamba tangu Dodoma alidhani ni simu ya mtu.

Mbezi, magharibi. Kwenye stendi kuu alinipokea mpwa wangu Saidi, mtoto wa dada yangu, anayeuza vifaa vya simu Kariakoo na kuishi Msimbazi. Alinipa shikamoo, nikamjibu marahaba, kisha akalitazama kapu.

"Mjomba, umekuja Bongo na ulinzi?"

Nilimweleza jogoo ni wa nani. Akalibeba kapu kwa heshima, akasema kwamba wanafunzi wa siku hizi mwalimu wao wanamtumia vocha.

Kariakoo, Jumatatu asubuhi. Saidi alinionyesha njia, tukatoka Msimbazi kwa miguu tukipita katikati ya soko. Wale ambao hamjafika, nawaambia kwamba Kariakoo hawaamki, kwa sababu hawalali. Mikokoteni inapita imebeba marobota ya vitenge, wenye mizigo kichwani wanaomba njia bila kupunguza mwendo, spika zinataja bei kwa sauti iliyorekodiwa ili muuzaji apumzishe koo lake, na katikati ya Mtaa wa Kongo mtu anakaanga mihogo kwa utulivu kama yuko uani kwake. Sikuona ugomvi hata mmoja. Niliona watu wanaokanyagana na kuombana radhi kwa neno moja, "samahani mzee," na kuendelea.

Tatizo lilikuwa jogoo. Kila baada ya hatua chache mtu aliniuliza bei. Nikasema hauzwi. Mfanyabiashara mmoja alidhani ni ujanja wangu wa kupandisha, akapandisha mwenyewe, akapandisha tena, akaniambia, "Mzee wangu, wewe ni mgumu, lakini nakuheshimu." Tulipoagana alinipa mkono kama watu waliofanya biashara kubwa. Saidi alicheka hadi akaegemea ukuta.

Mchafukoge, kabla ya adhuhuri. Jengo tulilotafuta lina ghorofa kadhaa, na chini yake kuna duka la vyombo vya plastiki. Saidi aliniacha hapo akawahi kazini kwake. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kilimanjaro, msalaba shingoni, wanamwita Mama Neema. Nilimsalimu, nikamwuliza kama Mwalimu Hansa anaishi juu. Akasema anaishi, tena yeye ndiye anayempelekea maziwa asubuhi. Kisha akaona kilemba chekundu kikitokeza kapuni.

"Na huyo ni wa nani?"

"Ni wa Mwalimu. Heshima yake."

Mama Neema aliweka chini ndoo aliyokuwa akiifuta. "Baba, unampelekea Bibi Hansa kuku? Yule hali nyama. Hata yai hali."

Ndugu zangu, nilihisi kanzu imekuwa nzito. Nilijua Wahindu hawali ng'ombe, hilo tumelijua tangu utoto. Kuku sikumwaza kabisa. Na pale pale ndipo nilipoelewa zile dengu za Alhamisi. Miaka yote hiyo nilidhani dengu ni hesabu, kumbe ndicho kilichokuwa chakula chake, na alikuwa akitukaribisha mezani kwake. Mama Neema akanionea huruma. Aliniambia nimwache jogoo nyuma ya duka, nipande mikono mitupu, na kwamba laiti ningemletea yeye angenipa hata soda. Nikamkabidhi kapu, nikapanda ngazi nikimwomba Mungu anifundishe la kusema.

Alinifungulia mama wa makamo, mke wa mtoto wa kaka yake, jina lake Jaya. Sebuleni kulikuwa na pembea ya mbao iliyofungwa darini kwa minyororo ya shaba, na juu yake ameketi bibi mdogo, mweupe kichwa kizima, miguu haigusi sakafu. Macho yake yamefifia. Nilisogea nikainama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nani?"

"Iddi, Mwalimu. Iddi wa Kondoa. Darasa la kwanza."

Pembea ilisimama. Aliunyoosha mkono akanishika ndevu, akazivuta kidogo kama anayepima kitambaa.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumatatu, Mwalimu."

"Khatibu alisema nini Ijumaa?"

Nikasema, "Mwalimu, khatibu nilikuwa mimi."

"Basi hapo ndipo inabidi ujibu vizuri."

Nikasimama katikati ya sebule ile, mtu mzima mwenye wajukuu, nikatoa hotuba yangu ya Ijumaa kwa kifupi. Ilikuwa kuhusu subira. Jaya alisikiliza akiwa ameshika trei ya chai. Nilipomaliza, Mwalimu alisema mwanzo ni mzuri, mwisho nimeharakisha. Alisema kweli. Ijumaa ile mawingu yalikuwa yametanda na watu walikuwa wameanika mtama.

Tulikunywa chai ya maziwa yenye iliki, tukala vitafunio vya unga wa dengu. Aliniuliza habari za chemchemi, za mto, za soko, za watu ambao wengi wao nilimjibu kwa kusema "ametangulia." Nikamweleza kwamba watoto wangu wa madrasa nao wanahesabu kwa dengu, na fimbo sina. Alicheka kwa furaha, akaniuliza kama wanazila mbichi. Katikati ya kicheko hicho, jogoo aliwika chini dukani. Mwalimu aliinua kidole.

"Huyo si wa hapa. Huyo anawika kwa pumzi ndefu, kama wa kwetu." Akanigeukia polepole. "Iddi. Umeniletea jogoo."

Nikakiri. Alijifunika uso kwa ncha ya sari, mabega yakitikisika, nami nikadhani nimemliza, kumbe anacheka. Alisema kwamba baba yake alikaa Kondoa maisha yake yote ya biashara akitamani siku moja aletewe jogoo, kwa sababu aliona ndiyo alama ya mtu kuhesabiwa mwenyeji, na hakuna aliyemletea. Sasa ameletewa binti yake. Akamwita Mama Neema apande, akampa jogoo amfuge kwenye paa la jengo, kwa sharti kwamba asichinjwe.

"Bibi," akasema Mama Neema, "hapa Dar nakuahidi. Lakini Desemba nikienda naye Moshi, kule siwezi kumwahidi mtu kitu."

Waliafikiana kwamba Desemba Mama Neema atakwenda na jogoo mwingine.

Adhuhuri ilipokwisha, nikiwa nimeswalia kwenye kona ambayo Jaya alinitandikia shuka safi, nilimweleza Mwalimu kilichonileta. Nilimwambia kuhusu Hijja na desturi yetu, kwamba nimeshaomba radhi kwa wote na amebaki yeye, na kwamba bila yake nitaona safari yangu ina shimo. Alisikiliza akisukuma pembea kwa kidole kimoja cha mguu.

"Mimi ni Mhindu, Iddi. Radhi yangu itafika Makka?"

"Mwalimu, ninyi ndio mlionifungulia mlango. Nitapitaje mlango huo nisiwaage?"

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Chiku yuko wapi?"

Nikamwuliza Chiku yupi. Akasema yule mtoto aliyekaa karibu na dirisha, ambaye alikuwa akizihesabu dengu kwa macho bila kuzigusa, ambaye Alhamisi konzi yake ilirudi chunguni ikiwa nzima. Hapo nikamkumbuka, na hakukuwa na haja ya kumkumbuka mbali, kwa sababu ni jirani yangu. Ni Bi Chiku huyu wetu anayekaanga vitumbua karibu na msikiti, ambaye siku chache kabla nilikuwa nimempitia kuomba radhi, akanipa mara moja bila kugeuka, kwa sababu kitumbua kilikuwa kinaungua.

"Anasoma?" akauliza Mwalimu.

"Hapana, Mwalimu. Baba yake alimtoa darasa la kwanza."

"Najua alimtoa. Nilikwenda kwake. Nikarudi mara ya pili na baba yangu, amebeba kilemba chake mkononi kwa heshima. Yule mzee akasema mtoto wa kike akijua kuandika ataandika nini." Akaisimamisha pembea. "Nimefundisha miaka mingi hapa mjini. Wengi wamekuwa watu. Hao nikiwakumbuka nalala. Chiku nikimkumbuka, naamka."

Ndipo alipotoa hukumu yake.

"Radhi yangu nakupa nusu. Nusu nyingine iko Kondoa, kwa Chiku. Siku atakayonisomea kitu kwa sauti yake, utaipata."

"Mwalimu," nikasema, "radhi haigawanywi kama dengu."

"Mimi ni binti wa mwenye duka. Kwangu kila kitu kinapimwa."

Feri, Jumanne. Saidi alinipeleka nikaone bahari na tukale samaki. Pale soko la samaki wanawake wanakaanga kwenye makarai makubwa kuliko sufuria zetu za harusi, na samaki aina ya changu aliyetoka kwenye mafuta mbele ya macho yako ana ladha ambayo sisi wa bara hatuna budi kusamehewa kwa kutoijua. Lakini sikula kwa raha. Mnamjua Bi Chiku. Ulimi wake ni mkali kuliko kisu cha kukatia muwa, na mwanamke wa umri ule huwezi kumwambia leo aanze kusoma "a, e, i" bila kujiandaa kumwagiwa maji. Na Hijja ilikuwa inakaribia. Niliona kabisa kwamba naweza kwenda Makka na nusu.

Nilimweleza Saidi. Akatafuta mwiba mdomoni, akautoa, akasema, "Mjomba, bibi kakukamata. Ila si umpigie tu simu umwambie Bi Chiku kashasoma? Macho hana, atajuaje?"

"Mungu ataniuliza Arafa, si yeye."

"Basi nimefuta kauli, mjomba," akasema, akaninunulia samaki wa pili.

Jumatano, njiani. Kabla ya kuondoka nilipitia Mchafukoge kuaga. Mama Neema alinieleza kwamba alfajiri jogoo amewaamsha Wahindu wa ghorofa ya juu, Wachaga wa kati na Waswahili wa jengo la pili, kila mtu akaswali au akasali kwa njia yake, na mlinzi ameomba ahamishwe. Mwalimu hakuniambia mengi. Alinishika tena ndevu akasema, "Nusu, Iddi. Usisahau." Basi lilipita Chalinze, Morogoro, Gairo, nami nikatunga maneno ya kumwambia Bi Chiku, nikayafuta, nikatunga mengine.

Kondoa, Alhamisi. Nilimkuta mbele ya jiko lake. Nilisalimu, nikakaa kwenye kigoda cha wateja, nikamwambia kwamba nimetoka kwa Mwalimu Hansa na kwamba anataka yeye ajifunze kusoma. Kama nilivyotarajia, alinitazama juu hadi chini.

"Nina wajukuu wanasoma kwa niaba yangu. Na anifundishe nani, wewe? Iddi, si wewe uliyekuwa unaangalia hesabu kwangu?"

"Nilikuwa naangalia kwako. Sasa nakurudishia."

Aligeuza vitumbua vyote. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli Mwalimu alimtaja kwa jina. Nikamwambia alimtaja kwa jina, na kwa dirisha, na kwa konzi yake ya dengu iliyorudi nzima. Bi Chiku akashika ncha ya kanga akajifuta macho, akalaumu moshi. Mkaa wake ulikuwa umewaka vizuri, hakukuwa na moshi wowote.

"Kesho baada ya alasiri," akasema. "Na usije na fimbo."

Tukaanza, na wote mlituona, wengine mkipita mara mbili mbili ili mhakikishe. Tatizo letu kubwa halikuwa herufi. Nyingi zilikuwa bado zipo kichwani mwake, zimelala kama mbegu ghalani. Tatizo lilikuwa miwani. Tulikuwa na moja, yangu, kwa hiyo alipoivaa yeye asome, mimi sikuweza kuona kama amesoma sawasawa. Alisoma, akanivulia, nikakagua, nikamrudishia. Alisema darasa letu lina macho mawili tu na yote ni ya kukodi. Pamoja na hayo, kabla mwezi haujaandama mara ya pili alikuwa anaunganisha maneno, na maneno yakawa yanaunganisha sentensi.

Siku moja nikamkuta ametoa sanduku lake la kanga barazani. Alisema amechoka na maneno ya ubaoni, anataka kujua amekuwa akivaa nini miaka yote, maana kanga alizinunua kwa maua yake, si kwa jina. Akaanza kusoma moja moja. Moja ilisema MGENI NJOO MWENYEJI APONE, akafurahi. Nyingine ilimtukana jirani asiyejulikana, akaikunja haraka na kunitazama kama mimi ndiye niliyeiandika. Kisha akafungua ya zambarau yenye korosho pembeni, akafuatisha maandishi kwa kidole, akayarudia, akavua miwani akanipa nihakikishe.

Iliandikwa: ALHAMDULILLAHI SASA NAPUMUA.

"Iddi," akasema, "hii nilivaa msiba wa mama mkwe. Siku zote za matanga."

Sikuthubutu kucheka. Alikuwa ametulia kabisa, na nikaelewa kwa nini. Tangu msiba ule mawifi zake waliacha kukanyaga kwake. Salamu zao zilipitia kwa watu. Yeye aliamini wamekasirika kwa sababu ya masufuria ya marehemu, akawarudishia masufuria, wakayapokea bila neno. Mmoja wa mawifi hao ameshafariki. Amebaki Bi Zaina, ng'ambo ya mto.

"Twende," akasema Bi Chiku, na tayari alikuwa ameshaikunja kanga.

Tulimkuta Bi Zaina anachambua mlenda mlangoni kwake. Hakusimama. Bi Chiku hakuzunguka. Aliitandaza kanga mbele yake na kusema, "Wifi, sikujua kusoma. Nilipenda maua. Leo ndiyo nimeisoma. Niridhie."

Bi Zaina aliitazama kanga, akamtazama yeye, akanitazama mimi kama anayetafuta shahidi. Nikamwambia ni kweli, mimi ndiye mwalimu wake.

"Hukujua?" akauliza.

"Wallahi sikujua."

Kwanza midomo ilimcheza, kisha akacheka akishika mwimo wa mlango, kisha kicheko kikageuka kikawa kilio, akamvuta Bi Chiku wakakaa mkekani wakiwa wameshikana. Ilipopita, Bi Zaina alijifuta uso akasema, "Mama alikuwa mkali, Chiku. Hata sisi tulipumua. Kilichotuudhi ni wewe kuisema peke yako, tena hadharani." Tulikula mlenda ule pamoja, na giza lilikuwa linaingia nilipomrudisha jirani yangu kwake.

Jioni hiyo hiyo tulimpigia Mwalimu simu, nikaweka spika. Nilimwambia nina mtu hapa mwenye jambo la kusoma. Bi Chiku alivaa miwani, akakaa wima kama yuko kwenye dawati, akaishika kanga kwa mikono miwili mbele ya taa.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni Chiku." Akasoma, neno kwa neno, bila kukosea. Kisha akamweleza aliivaa wapi.

Upande wa pili tukasikia minyororo ya pembea ikilia, na sauti ya bibi mtu mzima akicheka hadi Jaya akamletea maji. Alipopata pumzi alimwomba asome tena, polepole. Bi Chiku akasoma tena. Safari hii Mwalimu hakucheka. Alisema tu, "Vizuri, Chiku. Kaa." Na Bi Chiku, ambaye alikuwa amekaa tayari, akasogea vizuri kitini.

"Iddi," Mwalimu akaita. "Umeikamilisha. Radhi yangu unayo yote, nenda Makka kwa amani."

Kabla sijashukuru, Bi Chiku aliinamia simu. "Mwalimu, msimpe yote. Hajanifundisha kuandika."

Mwalimu alifikiri kidogo. "Nimeshapima, Chiku, siwezi kurudisha kwenye gunia," akasema. "Iddi, radhi unayo. Lakini urudi. Mtoto hajajua kuandika."

Ndugu zangu, nimewaomba radhi watu wengi kabla ya safari hii, na kila mmoja aliniaga kama mtu asiyerudi. Mwalimu wangu peke yake ndiye aliyenipa kazi ya kuirudia. Nilikwenda Dar es Salaam nikidhani namlipa haki yake, akanionyesha kwamba mwalimu hahesabu waliobaki darasani, humhesabu aliyetoka. Sasa nimeanza kuyapitia majina ya watoto walioacha madrasa yangu na sikuwahi kuuliza waliko. Naomba mnisaidie kuwatafuta. Bi Chiku amekubali kukaa nao nikiwa safarini, kwa sharti kwamba wasile dengu mbichi.

Mwenyezi Mungu akubariki wewe uliyesoma hadi hapa. Ampe afya aliyekushika mkono ukaandika herufi yako ya kwanza, na kama ametangulia, ampe nuru alipolala. Na kama yuko mtu uliyemwacha nyuma ya dirisha la darasa lako, Mungu akufikishe kwake mkiwa bado hai wote wawili. Amina.